Kuhasi Mbwa Mchanga kwa Mkono Unaojifunza

Mbwa au paka huhesabiwa kuwa amehasiwa mapema akiondolewa uzazi kati ya wiki 6 na 16, kabla ya kubalehe. Swali la kwanza ni la haki: binadamu amepewa na nani ruhusa ya kumkatia kiumbe kizazi ambacho bado hajakifikia?

Uchagani kuhasi kumezoeleka. Mbuzi wa ndafu huhasiwa na kunoneshwa kwa ajili ya wageni wa harusi. Mbwa jike wa mtaa wa Pasua mjini Moshi, anayelinda uwanja usiku na kuzurura mchana, yuko katika hali nyingine. Mimba yake ni ya siku 63 hivi, na watoto wasio na mwenyewe huishia kwenye njaa, magari na sumu. Yeye anahasiwa kwa faida yake pia, na hiyo ni hoja nzito kuliko nyama.

Fiqhi ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, iliruhusu kuhasi mnyama anayeliwa, tena akiwa mdogo. Mbwa na paka hawamo. Wahanafi waliruhusu penye manufaa, na wanazuoni wa leo wanaokubali huegemea kanuni ya kuondoa madhara. Kwa Wakristo, Walawi 22 inakataza kumtolea Mungu sadaka ya mnyama aliyehasiwa, nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inakataza kumtesa mnyama bila sababu.

Basi ruhusa ya kumhasi mbwa imesimama juu ya kupunguza mateso, na hapo ndipo mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, kama wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, anapobeba mzigo. Mtoto wa mbwa hupoteza joto upesi, na akinyimwa chakula muda mrefu sukari yake hushuka. Mafuta yake na damu inayotoka ni kidogo, lakini nyama zake huchanika kwa urahisi. Dawa ya usingizi hupimwa kwa uzito, na ya maumivu haiachwi. Mkono uanze kwenye vifaa vya mazoezi, kisha usaidie, ndipo ukate mwalimu akiwa kando.

Mwenye mbwa anayehudumiwa bure naye aambiwe wazi nani atashika kisu, kwani ufukara wake haumgeuzi mnyama kuwa kifaa cha kufundishia. Aelezwe pia kwamba mbwa wa mbegu kubwa wakihasiwa mapema mno huweza kupata matatizo ya viungo, hivyo wao husubiri. Na aliyekata ndiye akague kidonda hadi kifunge.