Je, Kukagua ni Kutoamini?

Kabla ya kuruka kwa ndege ndogo ya mafunzo, mwanafunzi wa urubani hukinga petroli kidogo kutoka chini ya tangi kwa kikombe kiangavu na kuitazama mwangani. Maji, yakiwa mazito kuliko petroli, hutuama chini. Yakifika injini, injini huzimika. Petroli ya aina ya 100LL hutiwa rangi ya buluu. Hapo pana mtego: kikombe kikijaa maji matupu, jicho lililozoea kutafuta mstari kati ya vimiminiko viwili halioni mstari, nalo huridhika.

Lakini fundi amekwisha kukagua. Je, mwanafunzi arudiapo kazi ile humvunjia heshima mkubwa wake? Wako wasemao hivyo, mimi nakataa. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, ndege ya Boeing Model 299 ilianguka kwa kuwa komeo la usukani halikufunguliwa. Rubani wake, Ployer Hill, aliyekufa, hakuwa mwanagenzi, alikuwa bingwa. Ndipo marubani wa ndege hizo wakaandikiwa orodha ya ukaguzi.

Linisumbualo zaidi ni yule asomaye orodha kwa sauti, kila neno mahali pake, ilhali jicho halikutazama kitu. Mwalimu hakudanganyika, maana naye hakusikiliza. Basi amedanganywa nani? Nadhani, ndugu msomaji, ni mwanafunzi yuleyule dakika kumi baadaye, injini ikikohoa angani, ashushapo pua ya ndege na kutafuta shamba la kutua, wala hana njia ya kurudi kukitazama kikombe.