Aliyetega Anadaiwa Nini?

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mvuvi na kwa mtoa kitendawili. Mvuvi hutega dema, bibi hutega kitendawili. Samaki akishanasa hana la kufanya, lakini aliyetegewa kitendawili ana kitenzi chake: hutegua. Ni kiambishi kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Naishi Mbegani, mahali ambapo mitego ya aina zote mbili bado ipo, na kwa muda sasa najiuliza kama kutega huku kuwili ni kitu kimoja. Na kama si kimoja, je, mtegaji ana deni gani kwa yule aliyemtega?

Tuanze na dema. Mbegani iko kusini kidogo ya Bagamoyo, jirani na magofu ya Kaole. Ni kijiji cha wavuvi, na pia kina chuo cha uvuvi, ambacho leo ni kampasi ya FETA. Dema ni kikapu kikubwa kilichosukwa kwa mianzi au fito. Mdomo wake ni mpana kwa nje na unazidi kubana kadiri unavyoingia ndani, hivyo samaki huingia kwa urahisi na kutoka humshinda. Ufundi wa msusi uko hapo: mlango mmoja ni njia kwa anayeingia na ni ukuta kwa anayetaka kutoka. Dema lisilotoa samaki ndilo dema zuri. Hakuna anayemlaumu mvuvi, kwa sababu hakumwahidi samaki chochote.

Kitendawili kina taratibu nyingine kabisa. Mtegaji husema, “Kitendawili!” Asipoitikiwa “Tega!” hana ruhusa ya kuendelea, hakuna anayetegwa bila kukubali. Kisha hutega: nyumba yangu haina mlango. Wasikilizaji hujaribu, hukosea, hujaribu tena. Wakishindwa, hudaiwa mji. Wanatoa Bagamoyo au Tanga, mtegaji anaupokea, anajisifu kwamba amefika huko akala na kunywa, halafu anatoa jibu: yai.

Tazama sheria zilizomo humo. Kwanza, jibu lipo kabla ya swali. Pili, dalili zote ziko mbele ya macho. Kila aliyekaa pale ameshaona yai. Tatu, aliyepokea mji lazima atoe jibu. Mtegaji anayechukua mji wa watu kisha akaondoka na jibu lake atakuwa mwizi tu. Na jibu lenyewe hupimwa na walioshindwa. Wakisema “aa, kweli!” basi mji umechukuliwa kwa haki. Wakikaa kimya wakitazamana, aibu inamrudia aliyetega.

Mchezo huu umehamia kwenye simu na kompyuta, na umekuta watu wengi mno. Mfano ninaoupenda ni Sokoban, gemu iliyotoka Japani mwaka 1982. Jina lake lina maana ya mtunza ghala. Unasukuma masanduku mpaka yafike mahali palipowekwa alama. Unaweza kusukuma tu, huwezi kuvuta. Sanduku likiingia pembeni, limekwisha, halitoki tena. Levo moja huandikwa kwa alama za kawaida za kibodi: reli kwa ukuta, alama ya dola kwa sanduku, nukta kwa mahali pa kulifikisha. Ukitaka, unaweza kumtumia rafiki levo nzima ndani ya meseji. Kwa sababu hiyo watu wa nchi mbalimbali, wasiojuana hata kwa sura, wamekuwa wakitungiana levo na kuvunja vichwa vyao kwa miaka.

Watunzi wengi wa Sokoban huanzia mwisho. Huweka masanduku yote mahali pake, kisha huyavuta kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka ghala ionekane imevurugika kabisa. Mchezaji atakaposukuma kwenda mbele atakuwa anapita njia ambayo mtunzi ameshaipita akirudi nyuma. Bibi hufanya vivyo hivyo: huanza na yai mkononi, akarudi nyuma mpaka kwenye nyumba isiyo na mlango.

Njia hii ina maana kubwa kwa sababu mchezaji hawezi kujua kwa kutazama tu. Mwaka 1997 Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alionyesha kwamba Sokoban imo katika kundi la matatizo magumu sana kwa kompyuta. Hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuamua, kwa levo yoyote ile, kama inamalizika au haimaliziki. Unaweza kukaa nayo wiki nzima usijue kama wewe ni mzito wa akili au levo yenyewe imefungwa. Kinachokuweka pale ni neno la aliyeitunga.

Mwaka 2015 kampuni ya Nintendo ililigeuza neno hilo kuwa sheria. Katika gemu ya Super Mario Maker mtu yeyote aliweza kujenga levo na kuipeleka kwa wachezaji wa dunia nzima, lakini kwa sharti moja: aivuke kwanza yeye mwenyewe. Watunzi wakorofi wakapata ujanja. Walificha mlango mdogo wanaoujua wao peke yao, wakapita hapo mpaka mwisho, kisha wakawaachia wengine njia ya miiba. Kwa mujibu wa mashine, sharti lilitimizwa.

Kisa kikubwa zaidi kilikuja mwishoni. Kundi la wachezaji lililojiita Team 0% lilikuwa limejipa kazi ya kuvuka kila levo ambayo hakuna mtu aliyewahi kuivuka zaidi ya mtunzi wake. Seva zilipangiwa kuzimwa tarehe 8 Aprili 2024. Ilipofika Machi ikabaki levo moja, iliyoitwa Trimming the Herbs, iliyowekwa mwaka 2017. Watu walikesha nayo, wakirudia miruko ile ile maelfu ya mara. Kisha, mwezi huo huo wa Machi, mtunzi akakiri kwamba hakuivuka kwa mikono yake. Alitumia chombo kilichobonyeza vitufe kwa niaba yake. Team 0% wakaiondoa kwenye hesabu na kutangaza kwamba kazi yao imekwisha. Lakini siku chache kabla ya seva kuzimwa, mchezaji mmoja akaivuka. Kwa vidole vyake.

Hapo ndipo swali langu linapokuwa gumu. Kama levo ilivukika, nani amedhulumiwa? Jibu lilikuwepo, na binadamu amelifikia. Wapo watakaosema uongo ule haukumdhuru mtu, na hata ulizaa ushindi mtamu kuliko wote.

Mimi sikubali. Tuseme nimekuambia kwamba bahari ikipwa mkono huu wa bahari unavukika kwa miguu, na kwamba nimeuvuka mwenyewe, kumbe nilipita kwa mtumbwi. Ukaingia majini, ukafika ng'ambo salama. Kufika kwako hakuyafanyi maneno yangu kuwa kweli. Uliingia majini kwa sababu uliniamini, na mimi sikuwa na haki ya kuaminiwa. Anayetega haahidi tu kwamba njia ipo. Anaahidi kwamba anaijua, na kwamba alipita kwa miguu ile ile anayokutaka wewe upitie. Ushahidi huo ndio ninaouita deni.

Mtu anaweza kunipinga kwa upande mwingine. Dunia imejaa mafumbo yasiyo na dhamana, na ndiyo yaliyotukuza. Hakuna aliyemhakikishia mvuvi kwamba leo samaki wapo. Karibu mwaka 1637 Pierre de Fermat aliandika pembeni mwa kitabu chake kwamba ana uthibitisho wa kanuni fulani, ila nafasi haimtoshi. Wanahisabati wakahangaika zaidi ya miaka 350 mpaka Andrew Wiles alipochapisha uthibitisho mwaka 1995, na wengi wanaamini Fermat hakuwa nao. Je, naye tumdai? Nadhani hapana. Fermat alijiandikia mwenyewe kitabuni, hakusema “Kitendawili!” na hakuna aliyemwitikia “Tega!” Bahari nayo haijamwita mtu. Deni huanza pale mtu anapomwita mwenzake akae chini ajaribu.

Na sisi vijana tumeitwa mara nyingi. Tangazo la kazi ya ngazi ya kuanzia linalotaka uzoefu wa miaka mitano ni levo ambayo mtu ameikalia akaitunga. Swali la mtihani lisilo na jibu katika chochote kilichofundishwa, fomu inayotaka barua ambayo haipatikani mpaka fomu iwe imejazwa: hizo nazo ni levo. Tukishindwa tunaambiwa hatukujituma. Mara chache tunauliza swali ambalo Team 0% walikuwa na haki ya kuuliza: wewe uliyetega, uliwahi kupita hapa? Na kama ulipita, ulipita mlango gani? Kiswahili chetu kinaujua vizuri mlango wa nyuma. Aliyeingia kazini kwa simu ya mjomba, kisha akatunga masharti ya kuwachuja wasio na mjomba, ni ndugu wa yule mtunzi mwenye mlango wa siri. Karatasi zinaonyesha kwamba sharti limetimizwa.

Haina maana kwamba levo ziwe rahisi. Anayependa mafumbo hapendi kuhurumiwa, na kitendawili kinachoteguliwa kabla hakijaisha kutamkwa hakimfurahishi mtu. Anayetegua naye ana deni lake: ajaribu kweli, asiropoke jibu aliloibiwa na mwenzake, na akishindwa atoe mji bila kinyongo. Ugumu si dhuluma. Mtegaji anaweza kunikesha usiku kucha nikamshukuru asubuhi, mradi njia aliyonificha ameipita yeye mwenyewe, na siku nikimpa mji ataitoa.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Watu hulitumia neno hili kumsifu mwerevu. Mimi nasikia pia sharti kwa aliyefumba: liwe fumbo linaloganguka. Lisipoganguka, hatuna tena mwerevu wala mjinga. Tumebaki na samaki, na mtu anayewasubiri.