Msasi Aogope Nini?

Wahenga walisema kuwa msasi haogopi mwiba. Kwa msemo huo walimsifu mtu aingiaye maweni alfajiri nyuma ya mbwa wake, asijali kuchanika ngozi wala nguo. Lakini sifa hiyo huacha swali. Ikiwa msasi haogopi mwiba, wala giza, wala meno ya nguruwe, basi aogope nini? Maana mtu asiyeogopa chochote, naye ana silaha mkononi, ndiye wa kuogopwa na kila kiumbe.

Usasi una upweke usiopatikana katika michezo mingine. Mcheza mpira ana refa, na mshairi ana wasikilizaji wanaomkosoa akipotoa vina au mizani. Msasi hana wa kumkosoa. Kama paa alikuwa na mimba, kama nguruwe alijeruhiwa akaachwa afie kichakani, ajuaye ni yeye na Mola wake. Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu na wanyama wa Marekani, aliliona hilo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1949, baada ya kufa kwake: kwamba mwindaji hana hadhira ya kumpigia makofi, na kwa hivyo hakimu wake ni dhamiri yake.

Dhamiri hiyo ipimwe kwa kipimo gani? Watu wa visiwani wana kipimo cha kale, nacho ni mbwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa wakaazi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo mnyama aliyekamatwa na mbwa huyo huyo huweza kuwa halali, na asili ya ruhusa hiyo imo katika Suratul Maida. Lakini mbwa awe amefunzwa. Atumwapo aende, azuiwapo asimame, na akamatapo asile. Akila, wanazuoni wengi husema kuwa amewinda kwa ajili ya nafsi yake, wala si kwa ajili ya bwana wake.

Hapa pana hoja nzito. Kinachotenganisha chakula na mzoga si ukali wa meno ya mbwa wala wepesi wa miguu yake. Ni uwezo wa kujizuia wakati nyama imo kinywani. Ikiwa mnyama hudaiwa hayo, bwana wake atadaiwa nini? Msasi anayetuma mbwa aliyefunzwa, ilhali yeye mwenyewe hajifunzi kusimama, amewekwa chini ya mbwa wake.

Tukikishika kipimo hicho, hata vyombo vya usasi huonekana kwa sura nyingine. Aghalabu watu hubishana kuhusu ukale na upya wa silaha, kana kwamba mshale una heshima kwa kuwa ni wa kale na bunduki ni dhalimu kwa kuwa ni mpya. Swali lililo bora ni hili: je, chombo hiki kinamwachia mtu nafasi ya kusema hapana? Wavu unayo nafasi hiyo, kwani paa akinaswa yu hai, na akionekana ana mimba huweza kuachiwa. Upinde unayo kabla ya kuachia uzi, na bunduki kabla ya kufyatua. Tanzi la waya halina. Hutegwa jioni, na mwenyewe akalala. Humkaba dume na jike, mkubwa na mchanga, na pengine aliyenaswa huteseka siku mbili kabla ya kufikiwa. Mbwa hufunzika, waya haufunziki.

Mataifa mengine nayo yamelikabili swali hili. Mwaka 1887 Theodore Roosevelt na wenzake walianzisha Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kilichoshikilia kuwa mnyama apewe nafasi ya haki ya kujiokoa. Kwa moyo kama huo, mwaka 2014 jimbo la Colorado lilikataza kutafuta wanyama wa kuwinda kwa vyombo vidogo virukavyo bila rubani. Lakini Roosevelt huyo huyo alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, na katika safari ile yeye na mwanawe Kermit wakaua wanyama 512. Ni kweli kwamba wengi walikwenda katika makumbusho ya Washington kwa ajili ya elimu. Hata hivyo idadi hiyo inaonyesha jinsi kanuni nzuri iliyoandikwa nyumbani inavyoweza kulegea ugenini.

Nyuma ya Malindi waliishi Waata, ambao wapwani waliwaita pia Wasanye, mafundi wa kuwinda ndovu kwa upinde mzito na mshale wa sumu. Iliwapasa kumsogelea ndovu hatua chache tu, roho zao zikiwa mikononi. Nao hawakuwa malaika. Pembe zao ziliuzwa. Lakini ilipoanzishwa Hifadhi ya Tsavo mwaka 1948, usasi wao uliitwa ujangili, ilhali mgeni mwenye leseni aliendelea kuitwa mwindaji mahali pengine pa nchi ile ile, hadi Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria hutoa majina, na ni wajibu kuitii. Lakini jina la leseni halimfanyi mtu kuwa mwadilifu.

Atasema mkulima: nguruwe amemaliza muhogo wangu, nawe wanambia nijizuie? Dai lake ni la haki. Mwenye konde ana haki ya kulilinda, wala hakuna anayemtaka alishe nguruwe na kulaza watoto na njaa. Lakini haki ya kuua si haki ya kutesa, na adui wa muhogo hafanywi kuwa shabaha ya mzaha. Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kifanywe shabaha, wala hakumtoa yule anayechukiwa.

Unguja inajua gharama ya kutosema hapana. Chui wa kisiwa hiki alihofiwa kuwa mfugo wa wachawi, na katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964 akasakwa kwa nguvu. Waliomsaka waliamini kuwa wanawaokoa jirani zao. Leo chui anayeonekana kwa yakini ni yule aliyekaushwa akawekwa katika makumbusho. Paa nunga bado yupo, huko Jozani na katika maweni ya kusini na mashariki, naye nje ya Unguja hujulikana zaidi katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya.

Basi msasi asiogope mwiba. Aogope ile saa ambayo mbwa wamenyamaza, paa amelala wavuni akihema, hapana jirani wala askari wa misitu, na kisu ki mkononi mwake.