Haja ya Nani?

Kila chombo kiingiacho hospitalini huja na ahadi, na kila ahadi ina mwenyewe. Mhasibu huona katika kompyuta kinga ya fedha zipoteazo. Waziri huona hesabu ya nchi nzima mezani pake. Mfanyabiashara huona mkataba. Daktari huona msaada au kero. Muuguzi huona kazi juu ya kazi. Na mgonjwa, ambaye habari zake ndizo mali yenyewe, mara nyingi haulizwi aonalo. Haja hizi si dhambi. Hospitali isiyojua fedha zake hudhoofika, na wizara isiyojua maradhi ya watu wake hutibu kwa kubahatisha. Swali la maadili ni hili: ni haja ya nani ipewayo jina la haja ya wote?

Uingereza ililijibu swali hili kwa hasara. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mpango wa kutia kumbukumbu za wagonjwa wote wa England katika kompyuta. Nchi iligawanywa sehemu tano, na kampuni zikapewa mikataba ya mabilioni ya paundi. Mikataba ilifungwa baina ya serikali na kampuni. Hospitali, ambazo ndizo zingeitumia mifumo, hazikuwa na sauti kubwa katika kuichagua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2006 Accenture ilijitoa. Mwaka 2008 mkataba wa Fujitsu ulivunjwa. Na Septemba 2011 serikali ilitangaza kuufumua mpango.

Lakini ndani ya mpango uo huo limo lililofaulu, nalo ni kuhifadhi picha za eksirei katika kompyuta. Daktari aliyezoea kungoja filamu itafutwe na kuletwa aliipata picha mara moja. Aliyetaabika kujifunza ndiye aliyevuna.

Kipimo hicho cha taabu na mavuno chafaa kutumika Tanzania pia, ambako mfumo wa taarifa za afya uitwao MTUHA umekuwako tangu miaka ya 1990. Muuguzi ajazaye madaftari baada ya foleni ya wagonjwa kwisha, asirudishiwe neno lolote juu ya alichoandika, hushawishika kuandika ili daftari lijae, si ili kweli ijulikane. Tarakimu hiyo hupanda wilayani, mkoani hata wizarani, na dawa hugawanywa kwayo. Kompyuta haiutakasi uwongo, huufikisha upesi.

Yuko atakayesema kuwa wakiulizwa wote, hapana litakalotendeka. Neno lake lina uzito, kwa kuwa jahazi haliongozwi na abiria wote. Hata hivyo, kuuliza si kumpa kila mtu atakalo. Ni kuhakikisha kwamba abebaye mzigo anajua sababu yake na ana fungu katika faida yake.

Naye mgonjwa ana haki iliyo kubwa kuliko zote. Huitoa siri yake kwa sababu anaumwa, hali hana nafasi ya kujadiliana. Mfumo uanzao kwa haja ya mwenye nguvu na kumfikia yeye mwisho umeupindua utaratibu wa hospitali, ambayo isingejengwa kama yeye hakuwako.