Padri Damien na Mwenzake wa Kazi



Mwalimu wa dini akifa kijijini, mara nyingi husikika maneno mawili. La kwanza: "Nani amemwua?" La pili: "Basi, mafundisho yamekwisha." Wengine huanza kumtafuta mchawi kabla udongo wa kaburi haujakauka, na wengine, ambao ubatizo wao umekaribia, hawaonekani tena. Kwa hiyo nawasimulia habari za watu wawili waliofanya kazi pamoja. Mmoja akafa kwa ugonjwa, mwenzake akabaki.

Padri Damien alizaliwa Tremelo, nchi ya Ubelgiji, mwaka 1840. Tarehe 10 Mei 1873 alifika Kalawao, katika kisiwa cha Molokai, visiwa vya Hawaii. Serikali ya huko iliwapeleka wakoma mahali hapo wasirudi tena kwao: upande mmoja mlima umesimama kama ukuta, pande nyingine ni bahari. Padri aliwajengea nyumba, akawafunga vidonda, akawatengenezea majeneza, akawachimbia makaburi. Mwishoni mwa mwaka 1884 alitia mguu katika maji ya moto. Ngozi ikaungua, wala hakusikia maumivu. Akajua kwamba ukoma umemwingia.

Je, alilogwa? Hapana. Ukoma huletwa na kijidudu, na siku hizi anayetibiwa hupona. Wakati ule dawa hiyo haikuwako bado. Padri hakutafuta mtu wa kumshitaki. Alihitaji mtu wa kumsaidia.

Mwezi wa Julai 1886 Mungu akamletea Joseph Dutton, Mmarekani. Zamani alikuwa askari katika vita ya 1861 hadi 1865, halafu akapotea katika ulevi. Alipokewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1883, naye ni mtu mzima wa miaka 40. (Wazee mnaoona haya kukaa darasani pamoja na watoto, msikie hayo.) Alitaka kufanya kitubio kwa kazi ya mikono yake. Hakuwa padri wala mtawa, wala hakutaka mshahara. Lakini Padri alimwita Ndugu Joseph, akamwonyesha kazi za mahali pale, nao wakashirikiana karibu miaka mitatu.

Baadaye Dutton alishuhudia kwamba Padri alikuwa mwepesi wa hasira, lakini hasira yake ilipita upesi. Ushuhuda huo napendezwa nao sana. Penye matanga sisi humsifu marehemu hata kwa mambo asiyokuwa nayo, kana kwamba Mungu hamjui! Rafiki wa kweli humkumbuka mwenzake jinsi alivyokuwa, akamwombea, maana hata mtu mwema anahitaji sala zetu.

Padri Damien alifariki tarehe 15 Aprili 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, umri wake miaka 49. Kanisa alilokuwa akilipanua lilikuwa halijaisha. Kumlilia mfu si dhambi. Bwana Yezu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Lakini vidonda vya wagonjwa havikungoja matanga yaishe. Dutton angeweza kurudi kwao, asilaumiwe na mtu. Akabaki. Kanisa likamalizwa. Wavulana wenye ukoma wakapata nyumba yao, naye akaitunza miaka mingi, mpaka uzee ulipomshinda. Alikufa mwaka 1931, umri wake miaka 87, akazikwa Kalawao.

Mwili wa Padri ulipelekwa Ubelgiji mwaka 1936, lakini mkono wake wa kuume ulirudishwa Kalawao mwaka 1995. Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Nanyi mliofiwa na mwalimu, daftari lake la majina liko wapi? Lisikae nyumbani kwa mjane likaliwa na mchwa. Mchague mmoja wenu alipeleke misioni, amwulize Padri ni nani atakayewafundisha amri na sala zilizobaki. Tena atoe jina la marehemu, apate kuombewa katika Misa ya Jumapili.