Mikono ya Mama Mzee



Hivi karibuni tulimzuru mama mmoja mjane, mzee sana, katika usharika wa huku milimani Upare. Watu wa rika lake wamjua vema, maana zamani nyumba nyingi zilipikia vyungu alivyovifinyanga yeye. Tukamwomba awafundishe wasichana. Akaificha mikono yake chini ya kanga, akasema, "Baba mchungaji, mimi nimekwisha. Mikono yatetemeka. Waiteni wenye nguvu."

Tulikuwa karibu kumsifu kwa unyenyekevu wake. Lakini njiani dhamiri ilituchoma, maana maneno yale alifundishwa na sisi. Miaka mingi tumempa kiti cha mbele kanisani, wala hatukumwuliza neno hata moja.

Twasoma katika Injili ya Luka, sura ya 2, habari za Ana binti Fanueli. Alikaa na mumewe miaka 7 tu, kisha akawa mjane hata uzeeni. Luka ataja miaka 84. Mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, mama huyu hakusema, "Nimekwisha." Alimtukuza Mungu, akawapasha habari za mtoto watu wote waliongojea ukombozi. Mungu alikuwa amemtunza kwa ajili ya kazi hiyo.

Tena tumepata habari za Anna mwingine wa Marekani, Anna Mary Robertson Moses, mjane wa mkulima, aliyezaliwa mwaka wa 1860. Uzeeni alikuwa akitarizi picha kwa sindano na nyuzi, hata baridi yabisi ikamshika vidole, sindano ikamshinda. Ndipo akashika brashi, akachora kwa rangi mashamba na mavuno aliyoyakumbuka. Mwaka wa 1940 picha zake zilionyeshwa mjini New York, naye amekwisha kupata miaka 80. Akaendelea kuchora miaka mingi, akafariki mwaka wa 1961, mwenye umri wa miaka 101. Picha zile zilitoka katika yale aliyoyaona tangu utoto wake.

Labda mtu atauliza, Mikono itetemekayo yafaa nini? Msichana mwenye nguvu aweza kuchimba udongo, kuutwanga na kuukanda. Lakini ni nani atakayetambua kwa kidole kwamba changarawe imebaki ndani? Ni nani atakayesema, "Chungu hiki hakijakauka, msikitie motoni, kitapasuka"? Ujuzi huo huja kwa miaka. Tena yako mambo mengine ambayo mama huyo ayajua: jinsi ya kuomba wakati wa njaa, na jinsi ya kumzika mtoto na kuzidi kumtumaini Mungu. Akifa pasipo kuulizwa, hayo yote yatazikwa pamoja naye, na hasara ni yetu.

Basi tulimrudia na wasichana 3, wamechukua udongo. Hatukumwomba afinyange, tulimwomba aushike tu. Akauminya kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Huu una mawe. Ni nani aliyewafundisha ninyi?" Akavuta kigoda, akaketi kati yao hata jua likashuka.

Enyi mama zetu wazee, msiseme kwamba mmekwisha, maana aliyewapa uhai leo anayo kazi ya leo kwa ajili yenu. Nanyi walimu na wazee wa Kanisa, msitosheke kuwapa kiti. Nendeni nyumbani kwao, mkawaulize, mkae chini, msikilize. Yatupasa sisi wachungaji kutangulia katika jambo hili, kwa kuwa sisi ndio tuliochelewa.

Bwana, wewe uliyetuumba kwa udongo, uibariki mikono iliyochoka, utupe na masikio ya wanafunzi. Amina.