Jua la Chang'ombe na Laana ya Hamu

Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini hapa Chang'ombe, mjini Dodoma, na kivuli cha mtu hujikunja miguuni. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na kiangazi chake hakina wingu la kusitiri. Chini ya jua la namna hii weusi wa ngozi ni kinga: melanini inayoitia ngozi weusi huzuia miale ya urujuanimno isiharibu foleti, ambayo mjamzito huihitaji ili uti wa mgongo wa mtoto ujengeke. Waliohamia kaskazini walikuta shida iliyo kinyume, maana ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale hiyohiyo, na huko jua ni hafifu. Ngozi iliyopauka ikawaepusha na matege. Basi hadithi kwamba weusi ni laana ya Hamu, mwana wa Nuhu, haina pa kusimama, hata katika Mwanzo 9, ambako anayelaaniwa ni Kanaani na rangi haitajwi kabisa.

Mtu atauliza: kama ni jua, mbona Wasandawe wengi ni maji ya kunde, ilhali wanaota jua moja na Wagogo? Ni kwa sababu jua huchonga kwa maelfu ya miaka, na watu huhama na kuoana. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake wa mwaka 2017, uliohusisha Watanzania, ulionyesha kuwa vinasaba vingi vya weusi na vya weupe vina umri unaozidi miaka 300,000, na vyote vimo Afrika. Wala ngozi nyeusi haiwanyimi watu vitamini D hapa: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamaasai na Wahadzabe ukawakuta na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha kutosha kabisa. Na anayehofu kwamba Mungu ananyang'anywa kazi yake akumbuke kwamba kusema mvua imekuza mtama si kumkana Mtoaji. Sura ya Rum katika Kurani inazitaja rangi zetu miongoni mwa ishara zake.

Pingamizi zito ni jingine. Kama weusi unalifaa jua, je, mwenye ualbino, ambaye jua hilohilo humletea saratani ya ngozi, hafai? Hapa sayansi isisemeshwe isichosema. Uteuzi wa asili huhesabu watoto waliosalia. Utu wa mtu hauupimi. Kofia pana, mikono mirefu na losheni inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, ni haki yake kama maji ya kunywa, na mwanafunzi wa namna hiyo asisimamishwe mstarini saa sita mchana.